Sura ya 5: Kiraka cha Kuficha na Kiraka cha Kuonyesha

Viraka navyo ni sanaa?

Mazungumzo yakifika kwenye sanaa ya vitambaa, swali hilo halikosi, na mara nyingi huulizwa kwa kicheko. Anayeuliza amekulia mahali ambapo kiraka ni habari ya shida. Anakumbuka kaptula ya shule ya msingi iliyoliwa na dawati, mama akaitia viraka viwili vya mviringo makalioni, na tangu siku hiyo darasa zima likamwita Miwani. Mwambie mtu huyo kwamba wapo watu wanaokata kitambaa kizima kwa makusudi, wakishone upya vipandevipande, kisha wakitundike ukutani. Atadhani unamtania.

Swali lake si la kubezwa. Jibu lake, hata hivyo, halianzii kwenye makumbusho ya ng'ambo. Linaanzia barazani kwa fundi cherehani yeyote wa Pasiansi.

Sakafuni kwa fundi

Pasiansi ni kata ya Manispaa ya Ilemela, kwenye barabara inayotoka Mwanza mjini, ikapita Kirumba, ikaelekea Uwanja wa Ndege. Wengi wanaijua kwa Chuo cha Wanyamapori. Mimi huitazama zaidi kwa mafundi wake. Asubuhi hutoa cherehani za miguu barazani, na jioni ikiingia, chini ya kila cherehani pana lundo: mapande ya shingo, pembe za kwapani, mikanda mirefu iliyobaki kwenye pindo, pembetatu zisizotosha hata mfuko wa shati. Fundi hukusanya yote kwenye kiroba. Baadhi hujazia mito, mengine huwashia jiko.

"Fundi, naomba hivyo vipande vya chini."

"Chukua tu, dada'angu. Unanipunguzia kufagia."

"Hutaki hata hela ya soda?"

"Hela ya takataka?"

Sasa litazame lundo lenyewe kabla halijaingia kirobani. Kuna kitenge cha sare ya harusi, ambacho shangazi na mawifi wote walishonewa kwa mishono tofauti ili kila mmoja apendeze kivyake. Kuna kitenge cha kwaya. Kuna cha Siku ya Wanawake, 8 Machi, ambacho kikundi cha vikoba kilichangishana kukinunua. Kuna kijani na njano ya wakati wa kampeni. Kuna cha msiba, kilichonunuliwa haraka sokoni Makoroboi asubuhi ya mazishi, fundi akakesha. Mtu aliyeishi mtaa huo miaka kumi anaweza kuketi chini, akaokota kipande kimoja kimoja, na kukueleza nani alioa, nani alizikwa, nani alikorofishana na kikundi akakataa kushona sare.

Duka la vitambaa haliuzi habari hizo. Likikupa kitenge kipya, ni kitenge tu.

Mfarishi ni kitu gani?

Katika sura hii nitatumia neno mfarishi. Maana yake ni tandiko nene la tabaka tatu. Tabaka la juu ndilo la vipande. La chini ni bitana, yaani kitambaa kizima kinachofunika mgongo. Katikati unawekwa ujazo: pamba, blanketi kuukuu, au kitambaa chochote chenye unene. Kisha mshonaji hupitisha sindano kwenye tabaka zote tatu kwa pamoja, mstari kwa mstari, ili zishikane. Mishono hiyo ya kushikanisha ndiyo inayoutofautisha mfarishi na shuka la viraka la kawaida, na ndiyo inayoupa mabonde na matuta ambayo kidole huyasikia kabla ya jicho.

Tabaka la juu hutengenezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuunganisha: kipande na kipande hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka kitambaa kikue. Ya pili ni kubandika: kipande kilichokatwa umbo la samaki, jani au mtu huwekwa juu ya kitambaa kingine na kushonwa kingo zake. Wengine huongeza kudarizi, yaani kuchora kwa uzi wenyewe.

Hapo tumeeleza tandiko tu. Linakuwa sanaa lini?

Kiraka cha kuficha hutafuta rangi inayofanana na nguo, ili jicho lipite bila kukiona. Kiraka cha kuonyesha huchaguliwa ili jicho lisimame. Sindano ni ileile na uzi ni uleule. Kilichobadilika ni uamuzi wa mtu aliyeshika sindano, na uamuzi huo ndio ninaouita sanaa.

Sisemi hivyo kwa kudharau kiraka cha kuficha. Ng'ambo ya ziwa, Buganda, mafundi wa lubugo, kitambaa kinachopondwa kutoka gome la mti wa mutuba, huziba matundu ya gome kwa viraka vilivyoshonwa kwa ustadi mkubwa. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Kwa upande wa vifaa duni, wa kumkumbuka ni Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Alipaka rangi za baiskeli kwenye mbao laini za kiwandani, na leo hakuna anayesema picha zake si sanaa kwa sababu ya ubao.

Kanga ilianza na sindano

Anayedhani kuunganisha vipande ni jambo la kigeni anasahau kanga yake ilikotoka.

Katika karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso, vitambaa vya mraba vilivyochapwa, vilivyokuja na biashara ya Wareno na baadaye wafanyabiashara wengine. Leso ziliuzwa zikiwa hazijakatwa, zimefuatana kwenye jora. Akina mama walinunua sita, wakazikata tatu tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu, na wakapata vazi pana lenye miraba sita. Mtu angeweza kuchanganya leso za aina tofauti akapata nguo isiyo na pacha mjini. Wenye maduka na wenye viwanda waliona kinachopendwa, wakaanza kuchapa nguo nzima yenye pindo na mji wake. Kule Mombasa leso ndilo jina linalotumika mpaka leo.

Kwa hiyo vazi tunaloliona la asili kabisa lilibuniwa na wanawake waliokataa kuvaa kitambaa kama kilivyotoka dukani. Kiwanda kilikuja nyuma yao.

Maneno ya kununua, maneno yako

Baadaye kanga ikaongezewa maneno. Kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, anayejulikana zaidi kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla", ndiye anayetajwa sana kuwa alieneza desturi hiyo. Tangu hapo kanga imekuwa barua. Mke anamjibu jirani bila kufungua kinywa, mkwe anamshukuru mama mkwe, na aliyeachwa anapita sokoni kifua mbele.

Lakini barua hiyo ameiandika mtu mwingine. Mimi na wewe tunachagua dukani katika zilizopo. Kama jambo langu halijachapwa bado, nitavaa lililo karibu nalo na kutumaini nitaeleweka.

Mfarishi unaanzia hapo kanga inapoishia. Chukua kanga kuukuu yenye jina "Wema hauozi". Ikate kwenye ukingo wa maandishi. Kipande kimoja kitasema "Wema", kingine "hauozi". Kiweke "hauozi" peke yake katikati ya mraba wa kijivu, na "Wema" ukishone kichwa chini kwenye kona ya mbali. Hujaandika neno hata moja, ila hiyo kanga sasa inasema jambo ambalo mchapaji hakulikusudia. Anayekufahamu, anayejua ni nani uliyemtendea wema na akakulipa nini, hatahitaji maelezo.

Faith Ringgold alikwenda mbali zaidi. Alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1930. Mama yake, Willi Posey, alikuwa mbunifu wa mavazi, na mwaka 1980 walishona pamoja mfarishi wao wa kwanza. Ringgold alikuwa ameandika kisa cha maisha yake na hakupata wa kukichapa. Akaamua kuandika juu ya kitambaa. Mifarishi yake ina picha katikati na aya za hadithi kwenye kingo, kwa mkono wake, kwa hiyo kila aliyetazama picha alijikuta pia anasoma. Maarufu kuliko yote ni "Tar Beach" wa mwaka 1988, unaomwonyesha mtoto wa kike aliyelala juu ya paa la ghorofa usiku, akijiona anaruka angani juu ya jiji. Alifariki mwaka 2024.

Ringgold alikuwa na sababu nyingine ya kupenda kitambaa, na mpangaji yeyote wa Pasiansi ataielewa: hukunjwa. Picha kubwa ya fremu inataka gari na watu wa kuibeba. Mfarishi unaingia begini, na mwenye nyumba akipandisha kodi unahama nao kwenye daladala.

*Kwa kifupi, mpaka hapa:* mfarishi ni tabaka tatu zilizoshonwa pamoja. Usanii wake uko kwenye uamuzi wa kuonyesha badala ya kuficha. Na Waswahili tulishaanza kuunganisha vipande kabla ya kanga kuwa kanga.

Jamaa zetu wa Karnataka

Kusini-magharibi mwa India, katika jimbo la Karnataka, wanaishi Wasidi. Hawa ni Wahindi wenye asili ya Afrika. Babu zao wengi walitoka upande wetu wa bara, wakapelekwa Goa na kwingineko kama watumwa, na baadhi wakatorokea misituni na kuanzisha vijiji. Leo wapo Wasidi Wahindu, Waislamu na Wakatoliki.

Wanawake wao hushona mifarishi inayoitwa kawandi. Hawachori kwanza wala hawapimi. Mshonaji hutandika sari kuukuu iwe bitana, huanzia kwenye kona, na huzungusha vipande vya nguo zilizochakaa kufuata kingo, huku akishona mistari ya mkono iliyokaribiana. Akimaliza mzunguko mmoja huingia wa pili, ndani zaidi. Katikati hapajulikani patakuwaje mpaka afike. Kwenye mifarishi ya Wakatoliki unaweza kukuta misalaba, kwenye ya Waislamu mwezi mwandamo. Mwisho kabisa hukunja vipande vidogo kuwa pembetatu za tabaka nyingi na kuvishonea kwenye kona nne. Hivyo huitwa phula, maana yake maua. Mfarishi usio na phula, wenyewe husema, uko uchi.

Mpaka leo watu hutaka kuambiwa kwamba ufundi huo ulisafiri na mababu kutoka Afrika Mashariki. Mimi siwezi kusema hivyo. Kushona nguo chakavu kuwa tandiko ni desturi ya sehemu nyingi za India. Ninachokiona cha Wasidi ni jinsi wanavyocheza na rangi, na huo utaratibu wa kuanzia nje kuja ndani, ambao ni kinyume cha vitabu vingi vya ushonaji. Vitabu hukwambia anza katikati ili kitambaa kisijikunje. Wao huanzia pembeni, na kitambaa kikijikunja wanakiwekea kiraka.

Kwa anayeanza, njia yao ni huru zaidi. Humlazimishi mtu kupiga hesabu ya miraba. Unampa kona.

Nguo za marehemu

Jimboni Alabama, Marekani, kuna kijiji kinachoitwa Gee's Bend, kilichozungukwa na mto pande tatu. Wakazi wake ni wajukuu wa watu waliotumikishwa kwenye shamba la pamba, na wengi wanaitwa Pettway, jina la aliyekuwa mwenye shamba. Mwaka 1962, Waafrika-Wamarekani walipokuwa wakidai haki ya kupiga kura, kivuko cha kijiji kiliondolewa, na hakikurudi mpaka 2006. Watu wa Ukerewe na Ukara hawahitaji kuelezwa maana ya kukosa kivuko.

Wanawake wa Gee's Bend walishona mifarishi kwa nguo za kazi: jinzi zilizopauka magotini, mashati yaliyoliwa na jasho. Waliishona kwa sababu nyumba zao zilipitisha baridi. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilionyeshwa katika makumbusho ya Houston na baadaye New York, na wachambuzi wakailinganisha na michoro ya mabingwa wa karne ya 20. Mwaka 2006 baadhi yake ilichapwa kwenye stempu za posta za Marekani.

Mmoja ndio ninaorudi kuutazama. Missouri Pettway aliushona mwaka 1942, baada ya mumewe kufariki. Alichukua nguo za shambani za marehemu, akazikata mistari na miraba mikubwa, akaziunganisha. Binti yake alieleza miaka mingi baadaye kwamba mama alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika nguo hizo. Huo ndio uamuzi ninaouzungumzia: angeweza kuzificha nguo hizo, akaamua kuzionyesha.

Kwetu nguo za marehemu hugawanywa kwa ndugu matanga yakianuliwa, na kila familia ina taratibu zake. Kwa hiyo asije mtu akasoma sura hii na kuingia kabatini na mkasi. Waulize wakubwa kwanza. Katika familia nyingi shangazi ndiye mwenye neno. Ila mara nyingi hubaki shati moja ambalo halikupata wa kulichukua, kola imekatika, na mjane amelificha chini ya godoro. Shati hilo linatosha.

Msiba wa wengi nao una mfarishi wake. Kagera, upande wa pili wa ziwa, ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983. Ugonjwa ulipokuwa haujapata jina la kitaalamu vinywani mwa watu, wenyeji waliuita Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilichokuja na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Kitambaa kilibeba lawama. Miaka minne baadaye, kule Washington, kitambaa kikabeba majina: tarehe 11 Oktoba 1987 jamaa na marafiki walitandika uwanjani vipande 1,920, kila kimoja futi 3 kwa 6, takribani kipimo cha kaburi, kila kimoja kikiwa na jina la aliyekufa kwa UKIMWI. Leo vipande hivyo vimekaribia 50,000.

Mwanza ilizika maiti za meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Yapo makaburi ya Igoma, upo mnara. Sijaona mfarishi. Natamani kuuona kabla waliowavalisha watoto wao kwa ajili ya safari ile hawajaisha.

Kusema bila kujua kuchora

Hapa ndipo wengi hukwama: "Lakini mimi sijui kuchora." Mfarishi haukudai uchore. Unakudai uchague.

Tuchukue mke wa mvuvi wa dagaa anayeishi kilimani, mahali anapoliona ziwa. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi huwasha taa kuwavuta dagaa, na kutoka juu unaona nukta nyingi za mwanga kwenye giza. Anataka kuyasema maisha yake na taa hizo. Anahitaji nini? Sketi kuukuu ya shule, ya bluu nzito, ndiyo ziwa. Vipande vya njano vya ukubwa wa kucha ndizo taa. Akizipanga kwa safu, atapata kitambaa kizuri cha mapambo. Akizirundika upande mmoja zote isipokuwa moja, na hiyo moja akaipeleka mbali peke yake kwenye kona, amesema kila kitu kuhusu usiku ambao mumewe alichelewa kurudi. Na kama hiyo ya mbali ataikata kwenye fulana ya mumewe, basi hata yeye akiitazama atahema.

Hakuna alichochora.

Msanii Bisa Butler wa New Jersey, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1973 na ambaye baba yake ni Mghana, hushona picha za watu kwa vitenge. Uso wa mtu mweusi anaweza kuushona kwa zambarau, machungwa na buluu, na ua la kitenge likaangukia shavuni. Kila rangi inasema jambo la tabia ya yule mtu. Vitambaa vyenyewe ni ndugu wa hivi hivi vinavyoning'inia Makoroboi.

Ukikutana na mfarishi, wako au wa mwingine, jiulize:

- Ni rangi gani imepewa nafasi kubwa, na ni ipi imebanwa pembeni?
- Mpangilio umevunjika wapi, na je, pale palipovunjika palivunjwa kwa makusudi?
- Nguo hizi zilivaliwa na nani kabla ya kukatwa?
- Mishono imenyooka au inatembea? Mkono wa mtu unaonekana?

La pili ndilo ninaloliamini zaidi. Mfarishi wa kiwandani haukosei. Mfarishi wa mtu una mahali ambapo kipande chekundu kimeingia kwenye safu ya kijani, na ukiuliza kwa adabu utasimuliwa.

Ukitaka kujaribu

Usianze na tandiko la kitanda cha futi 6. Utachoka, na vipande vitarudi kirobani. Anza na mraba wa kiasi cha foronya ya mto.

1. Chagua vitambaa vya pamba. Ukiwa na wasiwasi, chomoa nyuzi mbili uziwashe: za pamba huungua na kuacha majivu, za poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.
2. Fua kila kipande kabla ya kukata. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani na baadhi huchuja rangi. Afadhali kichuje kwenye beseni kuliko juu ya shati la marehemu.
3. Piga pasi. Pasi ya mkaa inafaa kabisa, mradi usiiache ikatema cheche.
4. Panga vipande sakafuni, kisha viache mpaka kesho. Asubuhi utaona kimoja kinachokusumbua. Ama kiondoe, ama kisogeze katikati kiwe bwana wa shughuli.
5. Unganisha, ukiacha ukingo wa kama nusu sentimita au zaidi kidogo kwa ajili ya mshono.
6. Tandika bitana, ujazo, na tabaka la juu. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, ili zisitembee. Kisha shona mistari ya kudumu, ufumue bandi.

Kuhusu ujazo nina neno. Tunaishi Usukumani, ambako pamba iliitwa dhahabu nyeupe, na ambako mwaka 1955 Paul Bomani na wakulima wenzake waliunda VFCU, ushirika uliokuja kuwa miongoni mwa mikubwa Afrika. Sehemu kubwa ya pamba yetu bado huondoka nchini ikiwa nyuzi tupu. Halafu mtu wa Pasiansi akitaka ujazo anakwenda kununua sponji. Pamba ya kienyeji iliyotolewa mbegu na kuchambuliwa kwa mkono inafaa sana, ila ina sharti: mistari ya mishono ikaribiane, isizidi vidole viwili, la sivyo ukifua mara ya kwanza pamba yote itakimbilia kona moja. Usipotaka taabu hiyo, blanketi kuukuu la soko la Mlango Mmoja linamaliza kazi. Mwanza haina baridi ya Iringa. Hatushoni kwa ajili ya joto.

Nikitaja Iringa, pale pana karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza, pamoja na mengine, kazi za vipande vya vitenge. Nairobi kuna Amani ya Juu, iliyoanza mwaka 1996 na wanawake wakimbizi. Ni mahali pazuri pa kujifunza umaliziaji safi. Ila kazi ya kuuza na kazi ya kujieleza hazifuati njia moja. Mteja anataka mfuko unaofanana na ule aliouona juzi. Ukitaka kula kwa sindano, mpe. Wako wa moyoni ushone usiku, usiuonyeshe kwa mteja, na usikubali akwambie kwamba njano imezidi.

Andika mgongoni

Harriet Powers alizaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837. Baada ya uhuru alishona mfarishi wenye picha 11 za Biblia, akibandika watu, wanyama na nyota juu ya kitambaa, na mwaka 1886 ukaonyeshwa kwenye maonyesho ya pamba ya mji wa Athens. Mwalimu wa sanaa aitwaye Jennie Smith aliutaka kwa bei yoyote. Powers akakataa. Miaka ikapita, hali ikawa ngumu, na mwaka 1891 akaenda mwenyewe kumuuzia. Alitaka dola 10. Alipewa 5. Kabla ya kuondoka alimweleza Smith maana ya kila picha, moja baada ya nyingine, na Smith akaandika. Baadaye Powers alirudi mara kadhaa kuutembelea.

Leo mfarishi huo uko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington, na mwingine wa Powers uko Boston. Tunajua kila picha inasema nini kwa sababu tu maelezo yake yaliandikwa siku ile.

Kwa hiyo ukimaliza wako, geuza. Kwenye kona ya bitana, kwa uzi usiochuja, darizi jina lako kamili, mwaka, na mahali. "Pasiansi, Mwanza" inatosha. Usiandike kwa kalamu ya wino, itaondoka na sabuni. Kisha chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, uorodheshe vipande: hiki ni cha sare ya harusi ya fulani, hiki ni cha kanga ya bibi, hiki alinipa fundi akaniambia ni takataka. Daftari likunje, litie kwenye mfuko mdogo, na mfuko huo uushonee hukohuko nyuma, kwa mishono michache inayofunguka kwa urahisi, maana vipande vitaongezeka.